Ukienda Kusoma Kindu, Ukae Nyumba ya Wenyewe

Kila mwaka Septemba ikikaribia, Kindu hupokea vijana kutoka Kibombo, Pangi, Kailo, Kasongo, Kabambare, Punia na Lubutu, zile teritwari saba za Maniema. Mmoja anafika nyuma ya pikipiki, begi limefungwa kwa mpira juu ya gunia la mchele. Mwingine ameshuka treni baada ya kuisubiri siku nyingi, na mwingine ametoka mtumbwini na viatu mkononi. Wamekuja kusoma sekondari. Wengi wao watakaa miaka minne, hata sita, chini ya paa ambalo si la wazazi wao: kwa mjomba, kwa shangazi, kwa yaya, yaani kaka mkubwa, aliyekwisha kuoa, au kwa rafiki wa baba ambaye ukiuliza undugu wake, kila mtu anaueleza kwa namna yake.

Kwingine duniani jambo hili lina ofisi. Shirika la AFS lilianza mwaka 1947 kupeleka wanafunzi wa sekondari waishi na familia za nchi nyingine, na mpaka leo kijana anayekwenda kukaa na familia ya Kijapani hufundishwa kabla ya safari: viatu vinavuliwa mlangoni, mwili unasuguliwa na kusuuzwa nje ya beseni la kuogea kwa sababu maji yaliyomo ni ya nyumba nzima, na hakuna anayegusa chakula kabla ya kutamka neno la shukrani. Wewe unayekuja Kindu hutafundishwa na mtu. Utaambiwa tu, "Uwe na adabu kwa watu," kisha pikipiki inaondoka.

Tatizo liko hapo hapo kwenye adabu. Kijijini ulilelewa ukijua kwamba mtoto mwema hunyamaza mbele ya wakubwa. Lakini mama wa nyumba ya Kindu hakukuona ukikua. Ukinyamaza, hajui kama umenyamaza kwa heshima, kwa hasira, kwa njaa au kwa homa, naye atajichagulia maana mwenyewe. Ushauri mwingi ulio hapa chini unahusu kusema: useme nini, kwa nani, na useme mapema.

Kabla ya kutoka kwenu

Mambo ya pesa yazungumzwe na wakubwa wakati wewe bado uko nyumbani, tena uwepo ukisikia. Tangu 2019 shule za msingi za serikali hazilipishi, na wazazi wengine hudhani hivyo ndivyo ilivyo mpaka juu. Sivyo. Sekondari ina minervali, yaani ada ya shule, na malipo mengine, na mtu lazima ajulikane atakayelipa. Waulize wazazi mambo haya moja moja:

- Nani analipa shule, na analeta pesa lini: kila mwezi, au baada ya mavuno?
- Nani ananunua kaye (daftari), biki, shati jeupe na suruali au sketi ya buluu?
- Sabuni, mafuta ya kujipaka na kunyoa nywele ni juu ya nani?
- Nikiugua, nani anatoa pesa ya kwanza ya kituo cha afya?
- Familia yetu itachangia nini katika chakula: mchele, mafuta ya mawese, karanga, samaki wa kukausha? Na mara ngapi kwa mwaka?

Majibu yaandike kwenye karatasi. Usije ukamwonyesha mwenyeji kama hati ya deni. Karatasi ni ya kukusaidia wewe, ili mwezi wa Novemba mambo yakichelewa ujue ni nani wa kupigiwa simu.

Begi lako liwe na buletini (ripoti za shule) zako zote, karatasi yoyote inayoonyesha ulipozaliwa na lini, chandarua, shuka, kandambili, tochi au taa ndogo ya jua, na ndoo yako ya kuogea kama inabebeka. Chandarua na ndoo vina faida kuliko nguo ya tatu ya kutokea. Na usije mikono mitupu. Kopo la mawese au kuku mmoja kutoka kwenu humwambia mwenyeji kwamba huko nyuma kuna watu wanaokujali, na mtoto mwenye watu nyuma yake hutendewa vingine.

Siku ya kwanza

Kindu ina komini tatu: Kasuku na Mikelenge upande wa kushoto wa mto, na Alunguli upande wa kulia. Kabla hujafika, hakikisha unajua nyumba iko komini gani na shule iko komini gani. Mto unaopita katikati hauna daraja hapa, na jambo hilo litapanga asubuhi zako zote. Tutalirudia.

Ukifika, salimia kila mtu aliyeko uani, kuanzia mzee mpaka mtoto anayetambaa. Hapa "jambo" ni salamu kamili, hata kwa mkubwa. "Shikamoo" ya Tanzania utaisikia kwa nadra. Nyumba ya Kiislamu ukibisha hodi kwa salamu yao, watafurahi, hata kama wewe ni Mkristo.

Kisha uliza majina ya kuwaita. Usibahatishe. Mke wa mjomba anaweza kupenda "mama," au "tantine," au "mama" pamoja na jina la mtoto wake wa kwanza. Kijana wa nyumba anayekupita miaka miwili ni "yaya," hata kama darasani mtakaa benchi moja. Sema wazi: "Mama, kwetu nilizoea kuita hivi. Hapa niite namna gani?" Sentensi hiyo moja itakuokoa wiki mbili za kuita watu "wewe" au kuwazunguka bila kuwaita.

Usiku wa kwanza jua vitu vitatu kabla taa haijazimwa: unalala wapi na nani, choo kiko wapi na kinafikiwaje gizani, na mlango unafungwa saa ngapi. Maji ya kunywa yanatoka chombo gani, uliza pia. Nyumba nyingi zina bido (dumu) la kunywa na bido la kuoshea yaliyofanana kabisa, na kosa hapo ni la tumbo.

Siku ya tatu na jembe lake

Wahenga wamesema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mjini jembe hilo lina sura nyingine: bido la maji, fagio, mbabula ya makala (jiko la mkaa), sufuria za jana. Kosa la wageni wengi ni kusubiri wapewe. Mama wa nyumba anaona haya kumtuma mtoto wa watu wiki ya kwanza. Wiki ya pili anachoka. Wiki ya tatu anaanza kunung'unika na jirani, na wewe huna habari.

Kwa hiyo siku ya pili jioni, nenda kwake jikoni useme: "Mama, nataka kujua kazi yangu ni ipi, ili nisiikose." Usiseme "nitasaidia." Anayesaidia huchagua siku, lakini mwenye kazi yake hujulikana nayo. Ukipewa maji, basi maji ya asubuhi yawe yako, yajae kabla jua halijatoka, mvua inyeshe isinyeshe. Kazi moja inayofanywa kila siku bila kukumbushwa hujenga jina kuliko kazi kumi za kushtukiza.

Kwa kawaida asubuhi ya siku ya shule huenda hivi. Saa kumi na moja unaamka, unakunja ulipolalia, unafagia uwanja au kuchota maji. Ukikuta foleni bombani au kisimani, acha bido lako kwenye mstari na uwe karibu nalo. Bido lililoachwa peke yake husogezwa nyuma. Saa kumi na mbili unaoga, unapasha moto kilichobaki jana kama kipo, unavaa. Jioni kuna kuosha vyombo, kutwanga sombe, kuwasha makala. Sombe, majani ya muhogo ambayo Watanzania huita kisamvu, hutaka kinu na mkono wenye subira. Mvulana ambaye hajawahi kushika mchi ajifunze. Katika nyumba ya wenyewe hakuna kazi ya wasichana tu.

Nawe msichana, usikize vizuri. Mara nyingi wewe ndiwe utakayepewa kazi zote: maji, jiko, watoto wadogo, nguo, na hata biashara ya mama mbele ya nyumba. Kazi ya nyumba ni haki ya nyumba, lakini ulikuja kusoma. Ukiona wiki ya pili inakwisha hujafungua kaye, zungumza kabla chuki haijaota. Usilalamike kuhusu watoto wengine wasiofanya kazi. Sema kuhusu saa: "Mama, jioni nikimaliza vyombo kunakuwa giza. Naomba saa moja ya masomo kabla ya kupika, halafu vyombo nitaosha mimi usiku." Ombi lenye saa ndani yake hujibika. Lalamiko halina pa kushikwa.

Lugha ya nyumba

Kijana wa Pangi ametoka na Kilega mdomoni, wa Kibombo ametoka na Kikusu, wa Kabambare na Kibangubangu. Shuleni mwalimu anafundisha kwa Kifaransa. Katikati, sokoni, uani na kitandani, kuna Kiswahili cha Kindu, kile ambacho wengi hukiita Kingwana. Kilifika huku kwa njia ya Nyangwe na Kasongo katika karne ya 19, pamoja na misafara ya wafanyabiashara kutoka pwani, wakati wa akina Tippu Tip, kikabaki baada ya wao kuondoka. Sicho Kiswahili cha redio ya Dar es Salaam, wala huna haja ya kukisahihisha. Ukifika na Kiswahili cha vitabu, watakuelewa na watakucheka kidogo. Ukifika bila Kiswahili, watakucheka zaidi, lakini utakijua kabla ya Krismasi.

Namna ya kukijua haraka ni kukaa na watoto wadogo wa nyumba. Mtoto wa miaka sita hakuonei aibu: anakusahihisha papo hapo na kurudia neno mara kumi. Mpe dakika ishirini kila jioni umsomee kaye yake ya shule ya msingi. Yeye atapata hesabu, wewe utapata lugha, na mama yake atapata kupumzika.

Jihadhari na lugha ya kwenu ndani ya nyumba. Ukipigiwa simu na mama yako, ukazungumza Kilega nusu saa mbele ya watu wasiokijua, kila kicheko chako watadhani unawacheka wao. Si lazima uiache. Salimia kwa lugha yako, kisha waambie waliopo: "Mama anawasalimia, anauliza kama mvua imeanza." Kutafsiri sentensi mbili kunaondoa shaka ya sentensi hamsini.

Hata saa zina lugha. Shule ikiandika 7:30, na mwalimu akiitamka kwa Kifaransa, nyumbani hiyo ni saa moja na nusu asubuhi. Namba inayotajwa kwa Kifaransa inatoka kwenye saa ya ukutani, inayotajwa kwa Kiswahili huhesabiwa tangu alfajiri. Wiki ya kwanza rudia kila miadi kwa namna zote mbili. Uliza pia zamu yako mapema, kwa sababu majengo mengine hutumiwa na shule mbili, moja asubuhi na nyingine mchana. Ukiwa wa mchana, nyumba itakuona uko bure asubuhi nzima. Waonyeshe ratiba, ibandike ukutani, ili isionekane kama ni wewe unayejitungia saa.

Chakula

Hapa ndipo mioyo mingi inapovunjika, kwa hiyo tulia tuzungumze.

Maniema ni nchi ya mchele. Utakula wali, utakula ugali wa muhogo, sombe, lenga-lenga (mchicha), maharage, samaki wa mtoni, ndizi. Nyumba nyingi hupika sufuria kubwa mara moja kwa siku, jioni. Kama kwenu mlikula mara mbili, wiki ya kwanza tumbo litapiga kelele darasani. Hiyo peke yake si kunyimwa. Angalia watoto wa nyumba wanakula nini na lini. Mkila sawa na kulala njaa sawa, hiyo ni hali ya nyumba, nawe ni wa nyumba. Mambo yakiwa tofauti kila siku, sahani yako ikawa yako tu na ndogo, soma sehemu ya "Nyumba ikiharibika" hapa chini.

Adabu za sahani: nawa mikono na usubiri mkubwa aanze. Mkila sinia moja, kula upande ulio mbele yako. Nyama au samaki hugawiwa, haichukuliwi. Usiinuke wa kwanza, na usiwe wa mwisho unayekwangua. Ukimaliza, mshukuru aliyepika kwa kumtaja. Ukijua utachelewa kutoka shule, sema asubuhi, ili uwekewe. Chakula kilichowekwa kisha kisiliwe kinauma kuliko ombi la chakula.

Kuna chakula usichokila kwa dini, mwiko wa ukoo au kwa sababu kinakudhuru? Kitaje siku za mwanzo, kwa utulivu, mara moja. Ukila mara tatu kwa haya kisha ukakataa mara ya nne, utaonekana umechoka na mapishi ya mama.

Kutoka na kurudi

Katika nyumba ya Kijapani, anayetoka husema *itte kimasu*, maana yake naenda na nitarudi. Waliobaki wana jibu lao. Akirudi anasema *tadaima*, nimefika, na anajibiwa karibu tena. Maneno haya husemwa kila siku na kila mtu, hata baba anayekwenda kazini. Mwanafunzi mgeni akiyasahau, familia huwa na wasiwasi: yuko ndani au hayuko?

Kindu haina maneno yaliyopangwa hivyo, lakini wasiwasi ni huo huo. Kijijini ulitoka tu, kwa sababu kila mtu njiani alijua wewe ni mtoto wa nani. Hapa ukipotea saa mbili, mjomba ndiye atakayepigiwa simu na baba yako. Basi tunga maneno yako: "Mama, naenda kwa fulani kunakili somo, nitarudi kabla ya giza." Taja wapi, kwa nini na saa ngapi. Ukichelewa, tuma ujumbe kwa simu ya yeyote. Ukirudi, ingia kwanza alipo mkubwa useme umefika, kisha ndipo uende chumbani. Inachukua pumzi mbili, nayo itakununulia uhuru ambao vijana wengi huutafuta kwa kugombana.

Mto

Ukilala Alunguli na kusoma Kasuku, au kinyume chake, utavuka mto kila siku. Wenyeji bado wanauita Lualaba. Kwenye ramani utaona pia Kongo. Ni mpana, una nguvu, na mawimbi yake huja ghafla upepo wa mvua ukianza. Kanuni ni chache. Usipande mtumbwi uliojaa hata kama mtihani umeanza: mtihani hurudiwa. Vaa jaketi ya kuokolea kama ipo, bila kuona haya. Wingu jeusi likikaa juu ya mto, subiri ukingoni. Funga kaye ndani ya mfuko wa plastiki. Na nauli ya kuvuka iwe katika hesabu ya wazazi tangu mwanzo, kwa sababu mara mbili kwa siku, siku sita kwa juma, ni pesa inayozidi ya kaye.

Kusoma katika nyumba yenye watu wengi

Umeme wa mji si wa kutegemea, kwa hiyo mchana ni mali. Fanya kazi za shule mara urudipo, kabla watu hawajajaa uani. Usiku taa moja ya jua ikiwashwa, kaa na watoto wa nyumba msome pamoja. Ukiichukua chumbani peke yako, utakuwa umeiba taa. Wanafunzi wengi huunda kikundi cha watu wanne au watano wa mtaa mmoja na kukutana darasani baada ya masomo au kwenye kibaraza cha jirani. Mjulishe mwenyeji kikundi ni cha akina nani. Ikiwezekana, siku moja kikutane kwenu, awaone.

Jua pia ngazi za shule, ili uweze kuwaeleza wazazi kwa simu. Darasa la 7 na la 8 huja kwanza, kisha miaka minne ya humanité katika sehemu unayochagua: pedagojia, sayansi, biashara na nyinginezo. Mwisho wa mwaka wa nne kuna Mtihani wa Taifa, ule ambao kila mtu anauita Exetat. Buletini ikitoka, mwonyeshe mwenyeji kwanza, hata kama alama ni mbaya, kisha uipige picha umtumie baba. Alama mbaya iliyoletwa na wewe mwenyewe ni ya kusikitikiwa. Ikigunduliwa chini ya godoro inakuwa uongo.

Pesa na simu

Pesa ya wazazi siku hizi hupita kwenye simu: M-Pesa, Airtel Money, Orange Money. Ikiwa inapita kwenye simu ya mwenyeji, waombe wazazi wakuambie wametuma kiasi gani na cha nini, na wamwambie mwenyeji vilevile. Pesa inayojulikana na watu watatu haigombanishi. Ikichelewa, mwarifu mwenyeji kabla shule haijakurudisha nyumbani: "Papa, baba amesema mchele haujauzwa, atatuma wiki ijayo." Usikope kwa majirani kwa siri. Kindu ni mji, lakini siri ya deni haivuki siku ya soko.

Dini ya nyumba

Maniema ina Waislamu wengi kuliko sehemu nyingi za Kongo, na mtaa mmoja unaweza kuwa na msikiti, kanisa katoliki na makanisa mengine ya kila aina. Unaweza kuwa Mkristo katika nyumba ya Kiislamu, au kinyume chake. Mwezi wa Ramadhani, hata kama hufungi, usile mbele ya wanaofunga, na jioni saidia kuandaa futari. Utakula vizuri kuliko mwezi wowote. Nyumba ya Kikristo nayo inaweza kuwa na sala ya usiku. Kaa, nyamaza kwa heshima. Hapa ndipo kimya kinafaa. Ukitaka kwenda kusali na watu wa dini yako, uliza njia siku chache kabla, si asubuhi ile ile.

Ukiugua

Malaria haisubiri likizo. Ukihisi baridi mchana wa jua, kichwa kinauma, viungo vinalegea, sema siku hiyo hiyo. Kijana anayejikaza siku tatu ili asiwasumbue watu huishia kuwasumbua usiku wa manane, wakati pikipiki ni ghali na kituo kimefungwa. Kuharisha maji mengi mfululizo ni jambo la dakika, si la siku: amsha mtu, anza kunywa maji yenye dawa ya chumvi na sukari, na mwende kituo cha afya mara moja. Lala ndani ya chandarua, chemsha maji ya kunywa au yatie dawa, nawa mikono kwa sabuni. Wasichana, tafuteni mwanamke mmoja wa nyumba wa kumweleza mambo ya mwezi mapema, ili msikose shule kwa kukosa kitambaa.

Nyumba ikiharibika

Magomvi ya kawaida yatakuwepo. Sahani imevunjika, shati limevaliwa bila ruhusa, umeitwa mvivu. Yaondoe siku hiyo hiyo, kwa mkubwa wa nyumba, kwa maneno machache. Usianze kwa kumpigia mama yako akiwa Kasongo. Yeye atalia, atampigia mjomba kwa hasira, na wewe ndiwe utakayelala humo usiku huo.

Lakini kuna mambo ambayo si magomvi. Kupigwa mpaka kuumizwa. Kunyimwa chakula makusudi. Kuzuiwa kwenda shule ili ufanye kazi. Mtu yeyote, awe papa, yaya, mgeni au mwalimu, kukugusa au kukutaka kimwili. Hapo adabu ya kunyamaza imekwisha, na kosa si lako. Sheria ya Kongo ya kulinda mtoto, nambari 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009, inamhesabu mtoto kuwa kila mtu asiyefikisha miaka 18, nayo inaadhibu mambo ya namna hiyo. Tangu wiki ya kwanza, chagua watu wawili nje ya nyumba: mmoja wa ukoo wenu aliyeko mjini, na mmoja wa shule au wa mahali pa ibada. Hifadhi namba zao kichwani, maana simu huibiwa. Ukifikwa na jambo kama hilo, mwambie mmoja wao siku hiyo; asipokusikiliza, mwambie wa pili. Ofisi ya serikali ya mambo ya jamii na polisi pia hupokea malalamiko ya watoto. Ni bora kupoteza mwaka wa shule na kubaki mzima.

Likizo

Mwezi wa saba shule zinafungwa, na matokeo ya Exetat yakitoka, mji hujaa vijana waliopakwa poda nyeupe kichwani na usoni, wakipiga kelele barabarani. Ikiwa siku hiyo ni yako, rudi nyumbani kwa mwenyeji kabla ya kwenda kwa marafiki, poda ikiwa bado mpya. Mama aliyekuwekea chakula usiku ana haki ya kukumwagia yake.

Ikiwa bado una miaka mbele, jiandae kuondoka kama mtu atakayerudi. Fua shuka, kunja chandarua, osha ndoo, rudisha kila ulichoazima. Uliza mwenyewe, usimwachie baba aulize kwa simu: "Mama, mwaka ujao nirudi hapa?" Swali hilo ni gumu, na ndiyo sababu wengi hulikwepa, wakafika Septemba na gunia la mchele wakakuta chumba kina mtu mwingine. Mwulize pia akuagize nini kutoka kwenu, na ukiagizwa karanga, lete karanga.

Halafu, begi likiwa tayari, simama mlangoni useme: "Naenda, mama. Nitarudi." Usiharakishe kutoka. Subiri usikie atakavyokujibu, kwa sababu katika jibu hilo utajua kama Kindu umepata pa kulala tu, au umepata kwenu.